Daftari la maji na rais aliyerudi kuwa mbunge

Baba alinyoosha mkono.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mkutano wa kijiji, chini ya mparachichi ulio mbele ya ofisi ya kijiji, kwetu milimani Upareni. Mwenyekiti alikuwa ameuliza kwa mara ya tatu nani atakuwa katibu wa kamati ya maji. Aliyekuwepo amehamia mjini kwa mwanawe, na daftari limekaa miezi minne bila kuandikwa. Watu walitazama chini. Kazi yenyewe haina posho. Unazunguka vilula tisa, unasoma mita, unaandika aliyelipa na asiyelipa, kisha wote wawili wanakununia.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilisimama nyuma, karibu na pikipiki za vijana, nikaona mkono wa mzee umepanda katikati ya vichwa. Saa imeteleza hadi karibu na kiwiko kwa sababu mkono umekonda. Nikaitambua saa kwanza, ndipo nikamtambua mwenyewe. Huyu ndiye aliyekuwa afisa elimu wa wilaya kwa miaka kumi na mmoja. Walimu wakuu walikuwa wakifunga vifungo vya shati wakisikia mlio wa gari lake.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaona aibu.

Njiani kurudi nikamwambia, "Baba, kazi ile si ya mtu kama wewe. Watu watasema umeishiwa." Hakukasirika. Alitembea hatua kadhaa, akasema, "Lile daftari halina mtu." Basi. Hakuongeza neno mpaka tukafika nyumbani, na mimi sikuomba radhi.

Maneno yangu yale yamekuwa yakinirudia kwa wiki nyingi.

## Meli mbili

Katika wiki hizohizo nilikuwa nikisoma habari za meli ya Sultana, ile ambayo Sayyid Said aliituma kutoka Zanzibar hadi New York, ikafika huko tarehe 30 Aprili 1840. Hadithi hiyo wengi tunaijua: Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sultani, na kilemba chake, pembe za ndovu, karafuu, kahawa na tende shehenani, farasi wa Kiarabu kwa ajili ya Rais Martin Van Buren. Nikataka kujua tu Van Buren mwenyewe alikuwa na shughuli gani mwaka ule.

Nikakutana na jela.

Wakati Ahmad bin Naaman anapokewa kwa heshima New York, katika jimbo jirani la Connecticut walikuwa wamefungwa Waafrika wa meli nyingine, Amistad. Wengi wao walikuwa Wamende, watu wa nchi inayoitwa leo Sierra Leone, waliotekwa na kuuzwa Havana. Mwaka 1839, wakiongozwa na Sengbe Pieh, walifungua minyororo yao baharini, wakamuua nahodha, wakawaamuru Wahispania waliobaki waelekeze meli kunakochomoza jua. Mchana Wahispania walitii. Usiku waligeuza usukani. Meli ikatangatanga hivyo majuma kadhaa hadi ikakamatwa karibu na Long Island.

Serikali ya Van Buren iliwataka warudishwe mikononi mwa Wahispania. Januari 1840 ilikuwa imetuma manowari iwasubiri bandarini New Haven, ili hukumu ikitoka wapakiwe kabla mawakili wao hawajapata nafasi ya kukata rufaa. Miezi michache baadaye, serikali hiyohiyo ikapokea farasi wa Sultani.

Nasi wa pwani hii tusijifiche nyuma ya kilemba cha Ahmad. Karafuu zile zilichumwa na watumwa wa Unguja. Na merikani, kile kitambaa tulichokisifu kwa uimara, pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani.

Jaji wa Connecticut hakufuata matakwa ya rais, na serikali ikakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Nikatafuta nani aliwatetea huko. Mmoja wa mawakili alikuwa mzee wa miaka 73, mikono inatetemeka, macho yanatoa machozi yenyewe, hajasimama mbele ya mahakama ile tangu 1809. Jina lake John Quincy Adams. Kazi yake ya wakati huo: mbunge wa kawaida wa Massachusetts. Kazi yake ya zamani: Rais wa Marekani.

Mstari huo niliurudia mara mbili. Kisha nikaufikiria mkono wa baba.

## Kupanda

Kupanda kwake nitakupitisha haraka.

Baba yake, John Adams, alikuwa rais wa pili wa nchi ile. Mtoto akiwa na miaka saba alisimama na mama yake juu ya kilima karibu na nyumbani, Juni 1775, wakatazama moshi wa vita vya Bunker Hill. Akiwa na miaka 14 alipelekwa St. Petersburg kuwa karani na mkalimani wa mjumbe wa nchi yake. Baadaye akawa mjumbe Uholanzi, Prussia, Urusi na Uingereza. Mwaka 1811 alithibitishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu akakataa. Miaka minane alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Kisha urais, nao ulikuja umeoza. Mwaka 1824 Andrew Jackson alipata kura 99 za wajumbe wa uchaguzi, Adams 84, na hakuna aliyefikisha nusu. Suala likaenda Baraza la Wawakilishi. Spika wa baraza hilo, Henry Clay, alimuunga mkono Adams. Adams akachaguliwa Februari 1825, akampa Clay uwaziri wa mambo ya nje. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba waliuziana. Hata hivyo neno "ulaghai" lilimwandama miaka minne yote, na mengi aliyopeleka bungeni yalikwama. Mwaka 1828 Jackson akamshinda kwa kura 178 dhidi ya 83. Adams aliondoka Ikulu jioni ya kuamkia siku ya kuapishwa mwenzake, hakungoja.

Miezi miwili haijaisha, mwanawe mkubwa, George, mwenye umri wa miaka 28, akapotea usiku kutoka kwenye meli ya mvuke akiwa safarini kwenda kwa wazazi wake.

Hapo ndipo pa kumtazama mtu huyu: miaka 61, urais umetoka, mtoto amekufa, anapanda miti kwenye shamba la baba yake huko Quincy.

## Kushuka

Septemba 1830 majirani walimjia. Mbunge wa eneo lao hakutaka kuendelea, nao wakamuuliza kama angekubali jina lake lipendekezwe. Mmoja akagusia, kwa adabu, suala la kama mtu aliyekuwa rais atakuwa amejishusha.

Adams akajibu kwamba hakuna mtu anayejishusha kwa kuwatumikia watu kama mwakilishi wao. Tena, akasema, hata rais mstaafu asingejishusha kwa kuwa mjumbe wa baraza la mji wake mdogo, mradi wananchi wamemchagua.

Mjumbe wa baraza la mji. Wale wanaosimamia barabara za mtaa na malisho ya watu wote. Kwetu huyo ndiye mwenye daftari la maji.

Nyumbani kwake walimpinga. Mkewe Louisa alikuwa ameichoka Washington na siasa zake, hakutaka kurudi. Mwanawe Charles Francis aliona baba anajivunjia heshima. Nimelisoma hilo nikajiona mimi pale njiani, na viatu vyangu vya mjini, nikimweleza mzee wangu thamani yake ni ipi.

Alichaguliwa kwa kura nyingi. Katika shajara aliyoiandika tangu utotoni mpaka uzeeni, aliandika kwamba kuchaguliwa kuwa rais hakukumfurahisha moyoni hata nusu ya hivi.

## Miaka ya kunyamaza

Ningekuwa mwongo nikiishia hapo, kwa sababu hapa ndipo aliponinyima usingizi.

Mtu huyu aliujua ubaya wa utumwa miaka mingi kabla hajausema hadharani. Mwaka 1820, nchi ikigombana kama jimbo la Missouri liingie kwenye muungano na utumwa wake, aliandika usiku kwenye shajara yake kwamba utumwa ni doa kubwa na chafu juu ya muungano wao. Asubuhi alivaa koti akaenda kazini, kwenye serikali ya rais mwenye watumwa, akanyamaza.

Kuna baya kuliko kunyamaza. Katika vita vya 1812 maelfu ya watumwa walikimbilia majeshi ya Uingereza, na Waingereza waliwachukua wakaondoka nao wakiwa huru. Vita vilipokwisha, Marekani ilidai fidia kwa mabwana wao. Aliyesukuma dai hilo, kwanza akiwa mjumbe London, kisha akiwa waziri, alikuwa Adams. Dai lilimalizika mwaka 1826, yeye akiwa rais: Uingereza ikalipa dola 1,204,960. Fedha zikaenda kwa waliowafuga watu wale.

Mkono ulioandika "doa" ndio uliofuatilia malipo.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikataka kumwacha. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda, na inauma kumkuta unayempenda katika hesabu ya namna hiyo. Najua hoja ya kumtetea: alikuwa mtumishi wa serikali na sheria ilikuwa ile. Haitoshi. Kila aliyeshika kalamu katika biashara ile alikuwa na sheria mfukoni.

Hata alipoingia bungeni hakubadilika kwa usiku mmoja. Desemba 1831 aliwasilisha maombi 15 ya wananchi wa Pennsylvania, waliotaka utumwa ukomeshwe katika mji mkuu wa nchi. Aliyasoma, kisha akatangaza kwamba yeye mwenyewe haungi mkono jambo hilo. Alichokuwa tayari kukibeba siku ile ni karatasi ya mwananchi tu, ifike mezani.

Lakini aliibeba. Na nikifuata miaka yake iliyobaki naona kila kitu kilianzia kwenye karatasi zile.

## Mdomo

Karatasi zilizidi. Maelfu kwa maelfu, nyingi zimesainiwa na wanawake, ambao hawakuwa na kura na hawakuwa na njia nyingine ya kusikika. Mei 1836 wabunge wa kusini na wenzao wa kaskazini wakapitisha azimio: kila ombi linalogusa utumwa liwekwe kando, lisisomwe, lisijadiliwe. Watu waliita kanuni ya kuziba midomo.

Adams alitaka kusema, akanyimwa nafasi. Akauliza kwa sauti kama amezibwa mdomo au hajazibwa. Jina lake lilipoitwa ili apige kura, badala ya "ndiyo" au "hapana" alisimama akasema azimio lile linavunja Katiba, linavunja kanuni za baraza na haki za waliomtuma. Wenzake wakampigia kelele akae.

Sidhani kama wangemziba mdomo kwa jambo jingine lolote angekuwa mtu yule aliyekuja kuwa. Alikuja kutetea haki ya raia kuomba. Kwa kumzuia, walimwonyesha kwa macho yake kwamba utumwa hauwezi kukaa chumba kimoja na haki hiyo, na kwamba kimya chake cha miaka mingi ndicho walichokuwa wakikihitaji.

Februari 1837 aliinuka akamwuliza Spika swali la utaratibu. Anayo karatasi inayosemekana kutoka kwa watumwa 22. Je, nayo inaingia chini ya kanuni ile? Ukumbi ukalipuka. Mtumwa anaombaje? Wengine wakataka afukuzwe, wengine akaripiwe rasmi. Aliwaacha wakapiga kelele mpaka wakachoka, ndipo akaeleza kwamba hawajamwuliza karatasi inasema nini. Haikuomba utumwa ukomeshwe. Iliomba kinyume chake. Azimio la kumkaripia likashindwa, na swali lake likabaki limeulizwa: mtumwa naye ana haki ya kuomba?

Mwaka 1842 walijaribu tena. Aliwasilisha ombi la watu 46 wa Haverhill, Massachusetts, waliotaka muungano uvunjwe kwa amani; yeye mwenyewe alipendekeza wajibiwe kwa nini hapana. Wakamshtaki kwa kudharau baraza. Mzee wa miaka 74 akamwamuru karani asome aya za mwanzo za Azimio la Uhuru, ile karatasi ambayo baba yake alikuwa kati ya walioiandaa. Akajitetea kwa karibu wiki mbili. Walipochoka waliweka shauri kando kwa kura 106 dhidi ya 93, na yeye akaendelea kuwasilisha maombi aliyokuwa nayo mezani.

Kanuni ile ilifutwa tarehe 3 Desemba 1844, kwa kura 108 dhidi ya 80. Miaka minane na nusu. Usiku ule aliandika kulihimidi jina la Mungu.

Nani mwingine angeweza? Kijana mwenye ndoto ya uwaziri wangemtisha kwa uwaziri. Huyu alikuwa ameshashika vyeo vingi, na kikubwa kuliko vyote kilishamponyoka mbele ya nchi nzima. Ninaandika hivi nikijua si jibu kamili. Wako waliosema mapema, bila urais nyuma yao, wakapigwa mawe. Kuchelewa kwake kulikuwa na gharama, na aliyelipa gharama hiyo hakuwa yeye.

## Barua ya Kale

Turudi kwa Wamende.

Novemba 1840 Adams alikwenda kuwaona gerezani. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Walikuwa wakifundishwa kusoma na kuandika Kiingereza, na Januari 1841 mtoto mmoja, Kale, wa miaka kama kumi na mmoja, alimwandikia barua.

Humo Kale anasema kwamba watu wanawaita Wamende wajinga, eti kwa kuwa hawazungumzi lugha ya Marekani. Kisha anauliza: Wamarekani hawazungumzi Kimende, je, nao ni wajinga? Na anasema wanachotaka ni kuachwa huru, basi.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu wa Kiingereza, kilichofunzwa ndani ya kufuli.

Tarehe 24 Februari Adams alisimama katika chumba cha Mahakama ya Juu, kilichokuwa chini ya ukumbi wa Seneti, akazungumza zaidi ya saa nne. Kwenye nguzo mojawapo palitundikwa nakala ya Azimio la Uhuru. Aliionyesha kwa kidole akasema yeye haijui sheria nyingine inayogusa kesi ya watu hawa ila ile. Usiku huo jaji mmoja akafariki usingizini, kesi ikaahirishwa. Machi 1 akasimama tena saa nyingine nyingi. Aliishambulia serikali ya Van Buren waziwazi, akasoma barua zake moja baada ya nyingine. Tarehe 9 Machi mahakama ikasema Waafrika wale ni watu huru, walitekwa, na walikuwa na haki ya kupigania miili yao.

Hakuchukua ada. Novemba mwaka ule, 35 waliobaki hai walipanda meli kurudi Afrika Magharibi. Wengine walikuwa wamekufa, baharini na jela. Kale aliishi akarudi.

## Kiti chake

Mwishoni mwa 1846 alipata kiharusi. Februari iliyofuata alirudi bungeni akiburuta mguu, na alipotokea mlangoni ukumbi mzima ukasimama, hata waliotaka kumfukuza.

Tarehe 21 Februari 1848 lililetwa azimio la kuwatuza majenerali wa vita vya Meksiko, vita alivyovipinga. Alisema "Hapana" kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima. Muda mfupi baadaye alijaribu kusimama aseme jambo, akaanguka kwenye meza yake. Wakambeba hadi chumba cha Spika, na hakutoka humo. Akafa jioni ya tarehe 23. Katika kamati ya mazishi alikuwamo mbunge mgeni wa Illinois, jina lake Abraham Lincoln.

## Kilula cha tano

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani. Sikuwa na likizo. Nilipanda basi la Ijumaa.

Nilimkuta Baba hayupo. Mama akasema, "Yuko kilula cha tano, mita inasumbua." Nikashuka njia ya migombani giza likiingia, nikamkuta amechuchumaa juu ya kisanduku cha zege, daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, peni nyuma ya sikio. Mama mmoja na ndoo zake mbili alikuwa akisubiri. Alimwita Mwalimu.

Nilimsaidia kuinua mfuniko. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na Marekani. Nikamsimulia rais aliyerudi kuwa mbunge, miaka 17, mpaka akafia palepale kazini. Nikamsimulia fidia ile pia. Aliposikia hesabu ya dola alitikisa kichwa muda mrefu.

Kisha akauliza, "Na watoto wake walisemaje?"

Nikamwambia mmoja aliona baba anajivunjia heshima. Nikamwambia, "Baba, nisamehe kwa yale niliyosema njiani."

Alinitazama. Akanipa simu yake, taa inawaka.

"Mulika hapa, hiyo ya mwisho ni tatu au nane?"

Nikainama. Kioo kilikuwa na ukungu; nikakifuta kwa mkono wa shati.

"Nane," nikasema, naye akaandika.